Chunusi na Kapu la Maembe

Juzi kwenye duka la dawa hapa Garsen, mama mmoja wa Idsowe alimshika bintiye kidevu ili muuzaji azione chunusi vizuri.

"Anachekwa, shule hataki. Nimemkataza maembe, samaki, hata mayai. Bado."

"Sasa anakula nini?"

"Biskuti na chai ya sukari. Na soda, ya kumliwaza."

"Labda ni hiyo sukari, mama. Ipunguze kwanza."

Mama akasonya. "Biskuti zinatoka kiwandani, ni safi. Embe linaokotwa chini."

Mimi niliyekuwa nikisubiri zamu yangu nilichoka. Chakula kikiota kwetu tunakishuku, kikishuka kwenye lori tunakiamini.

Wakatoka kuelekea sokoni, binti na soda yake, mama na kapu la maembe ya kuwauzia watoto wa wenzake.