Ubavu wa Thelathini na Moja

Wattie Gemmell hakuwahi kusafiri na manowari hata moja, lakini zote zilizotoka kwenye karakana yetu ya kuunda meli ya Govan baada ya vita zilipita kwanza chini ya magoti yake. Kazi yetu ilikuwa ghorofani, kwenye sakafu nyeusi pana kama uwanja wa mpira. Ofisi ya michoro ilituletea kitabu cha vipimo. Mimi nasoma, Wattie anaweka alama kwa chaki, kisha tunapinda ufito juu ya alama na kuchora mbavu za meli kwa ukubwa wake halisi. Wakata vyuma walifuata mistari ile ile. Tukikosea sisi, meli imekosea.

Tangu mwaka 1953 macho yake yalikuwa yakiingia ukungu, na aliyejua ni mimi peke yangu. Namba kubwa za utepe wa kupimia aliziona akibandika pua pale pale, na kwa kuwa wote tulitambaa kutwa, hakuna aliyeshtuka. Kitabu ndicho hakukiweza.

"Ukinitoa humu umenizika," aliniambia, wala hakuwa anatania. Wangejua, wangempeleka langoni kugawa vibao vya zamu, vile vya namba ambavyo kila mmoja wetu alichukua akiingia kazini.

Januari 1956 tulirudi kutoka mapumziko ya mwaka mpya, kichwa changu kinagonga kwa pombe ya sikukuu, manowari mpya aina ya frigeti inatusubiri. Nilisoma, akaweka alama, tukapinda ufito. Mchana Wattie akapitisha kiganja juu yake, akakwama kwenye ubavu wa thelathini na moja.

"Hapa pana nundu."

"Mbona mimi sioni kitu?"

"Hata mimi sioni. Ofisi wamekosea hawa."

Kabla sijamzuia alishamwita Purdie, msimamizi wetu. Purdie akaja na Lockhart, mchoraji wa ofisini, na tai yake.

"Vipimo vyangu nimevikagua mara tatu," alisema Lockhart. "Labda mzee ameamkia chupa."

"Aliyeamkia chupa ananuka mpaka huku, na si mimi," Wattie akamjibu.

Purdie akamkabidhi kitabu. "Basi tusomee, Wattie. Thelathini na moja."

Wattie akakishika. Akakisogeza mbali, akakirudisha karibu. Nilikuwa begani kwake, ukurasa nauona vizuri, na nikaona nilichofanya asubuhi: niliruka mstari, nikamsomea kipimo cha thelathini na mbili. Ningesema neno moja tu. Nikanyamaza. Ulikuwa woga, sina jina lingine la kuupa.

"Kumbe huoni," alisema Purdie polepole. Akakichukua kitabu, akasoma mwenyewe, akapima. Kipimo cha Lockhart kilikuwa sawa. "Alama yako ndiyo mbovu, Wattie."

"Yangu, ndiyo," alisema Wattie.

Jumatatu iliyofuata alikuwa langoni. Kwa miaka minne alinipa kibao changu kila asubuhi, akikitambua kwa kupapasa namba. Tuliongea habari za mvua na mpira. Lile jambo hakuligusa, na mimi nilijiaminisha kwamba hakujua.

Kisha Purdie akastaafu, nikapewa mimi sakafu nzima. Asubuhi ile Wattie hakukiachia kibao mara moja.

"Hongera, bwana mkubwa. Nasikia sasa una msomaji wako."

"Ninaye."

"Mwambie asiruke mstari," alisema, akanipa kibao, akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu.