Kalibu za Vifuniko vya Koroboi

Nilifika Kisumu kwa treni, baada ya kutangatanga kutoka Voi hadi Nakuru nikitafuta kazi. Kule Mamboleo, mama mmoja aliyekuwa na karakana ya koroboi, zile taa ndogo za bati, alinipa kazi ya kupanga kalibu za chuma kwenye mashine ya kuvuta kwa mkono: ya kutoboa tundu la utambi, ya kukunja ukingo, na mwisho ya kukata. Ukikosea ukaweka ya kukata mbele, kipande cha bati kinalegea, na inabidi ukisogeze kwa kidole chini ya chuma.

Hapo aliyepanga ndiye aliyevuta kwanza, wengine wakisimama mlangoni.

"Bwana, una vidole vingapi?" Mama aliniuliza.

"Kumi, Mama."

"Haya vuta, tuone kama vitabaki."

Wakacheka. Nikavuta huku nikitokwa jasho, asubuhi ile na kila asubuhi iliyofuata.

Miguu iliponiwasha tena kwa hamu ya safari, nilizipanga kalibu mara ya mwisho ili niondoke kabisa. Nilipoushika mpini, Mama akanisukuma kando, akavuta mwenyewe. Sijawahi kuogopa vile. Kifuniko kikaanguka kizima, naye akanipungia kwa vidole vyake vyote.