Kereng'ende wa Kijito cha Mangobo

Hapa Mangobo, sisi wauza kwanga, ile mikate ya mihogo inayofungwa majanini, huloweka mihogo kijitoni, kila mmoja akichomeka kijiti kando ya gunia lake ili jirani asikosee. Juu ya vijiti hivyo walikuwa wakitua kereng'ende wembamba, wale wanaofunga mabawa wakikaa. Mama alinifundisha kwamba wakihama, nami nihamishe mihogo.

Mwaka huu wanaume walianza kuoshea pikipiki upande wa juu, na mafuta yakashuka na maji. Asubuhi moja nilitazama vijiti mara mbili, nisione kereng'ende hata mmoja. Nikapanda kupatana na mkubwa wa waoshaji.

"Tonton, shukeni mkaoshee upande wa chini wa magunia yetu. Nitawaletea kwanga kila asubuhi."

"Kwanga ya maji haya? Bon, mama, kula wewe kwanza!"

Wenzake wakacheka. Nikashuka kwenye magunia.

Nilipofungua gunia, mihogo ilikuwa imelainika vizuri, ila ilinuka petroli. Niliimwaga. Sasa naloweka kwenye pipa uani, kwa maji ya kisima kilichopakana na choo. Wateja wanasema ladha ni ileile. Nyumbani kwangu siku hizi tunakula wali.