Meno ya Watasema

Sisi tuliozaliwa Mdachi akiwa bado na bendera yake tunazidi kupungua, na siku hizi tukionana ni msibani. Basi acheni niwakumbushe wenzangu mliobaki. Mnaikumbuka Makole yetu hapa Dodoma kabla ya nyumba za bati? Tembe za udongo zilizolala chini kama ng'ombe wanaocheua, vumbi jekundu, upepo wa kiangazi uliotupasua midomo. Asubuhi uji wa uwele, mchana tunamumunya ubuyu mpaka ndimi zinakwaruza. Tulifinyanga ng'ombe wa udongo, tukaozeshana, tukagombana juu ya mahari, na mama akipita husema, "Gombaneni tu, lakini ng'ombe wa kweli wakipotea mtalala nao huko huko porini." Wajukuu zangu leo wananunuliwa gari la plastiki, na likitoka gurudumu wanalia kama wamefiwa.

Lakini ninachotaka kuwasimulia ni habari za mbwa wetu, na za dada yangu Sechelela.

Mbwa yule alitoka kwa Mdachi mmoja aliyekuja kupima njia ya reli. Baba alikuwa akimpelekea maziwa, na siku mbwa wake jike alipozaa, Mdachi akampa baba mtoto mmoja. Tulidhani ni mbwa kama mbwa. Kumbe! Kabla mvua mbili hazijapita alikuwa mrefu kama ndama, kichwa kama kinu, na akibweka fisi wa mlimani wananyamaza. Watu wakaanza maneno: nyumba ya wajinga, wenye watoto, wanamnywesha mbwa maziwa! Mama akacheka, akasema, "Watasema mpaka wachoke." Basi jina likawa hilo hilo, Watasema.

Sechelela ndiye aliyemlea. Ndiye pia aliyeanza kumsafisha meno, na hapo ndipo watu walipopata la kusema kweli kweli. Alianza naye angali mdogo, anachovya kidole kwenye mchuzi na kumsugua ufizi taratibu, ili azoee mkono mdomoni. Alipokua akamchongea mswaki wake wa mti, akautafuna ncha hadi ukawa laini. Kila jioni ng'ombe wakishaingia zizini, dada huketi chini, mbwa anaweka kichwa chake kizito mapajani mwake, naye anainua mdomo upande mmoja na kusugua meno kwa nje, akipita pale jino linapokutana na ufizi. Maji na unga kidogo wa mkaa, basi. Mimi nilikuwa nikishika kibuyu cha maji, nikiuliza maswali.

"Kwa nini humsugui kwa ndani?"

"Ndani anajisugua kwa ulimi, mdogo wangu. Huku nje ndiko uchafu unakoganda. Nusa."

Nilinusa. Mdomo wa Watasema haukunuka kuliko mdomo wa mjomba, na nililisema hilo mbele ya mjomba, nikachapwa. Wajukuu wangu wana dawa ya meno ya kukamua, inanukia kama peremende, na bado mmoja keshang'olewa magego mawili. Mbwa wetu alikuwa akiwashinda.

Baba alimpenda mbwa yule kwa namna yake. Alipenda kumwonyesha. Mgeni akija, baba anachukua mfupa wa paja la ng'ombe, ule mgumu, mzima, na kumtupia. Watasema anaulaza ubavuni mwa taya, anabana, na mfupa unalia *kwa!* Wageni wanashangilia, baba anajikohoza kama aliyeuvunja yeye. Sechelela hakupenda.

"Baba, mpe mbavu, mpe gegedu. Mfupa ule utakuja kumvunja jino."

"Mbwa wa kuogopa mfupa ni mbwa gani huyo?" baba hujibu, na mazungumzo yanaishia hapo.

Siku waliyokuja watu wa Chemba kuleta ng'ombe wa mahari ya dada, pombe ilikuwa nyingi na uwanja umejaa. Mchumba mwenyewe alikuwa kijana mpole, mtoto wa rafiki wa baba wa siku nyingi. Baba akataka wakwe waone. Akaingia ndani, akatoka na paja. Sechelela, ambaye siku hiyo alitakiwa akae chini ainamishe macho, alisimama mbele ya wote.

"Baba, nakuomba. Usimpe."

Baba angeweza kucheka, akaweka mfupa chini, na leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini wakwe walikuwa wanatazama. Akautupa. Watasema akabana, mfupa ukalia, na pamoja nao ukalia mlio mwingine mwembamba zaidi. Mbwa akaachia, akatikisa kichwa, akaenda kujilaza nyuma ya ghala. Gego lake kubwa la juu lilikuwa limepasuka kati.

Uso ukavimba chini ya jicho. Akaacha kula, hata maziwa anayatazama tu. Kule kubweka kukakoma, na fisi, ambao habari hawakosi, wakatuchukulia ndama. Sechelela alimkanda kwa maji ya chumvi, akapondaponda ugali akamlisha kwa kidole. Mwishowe akamwita mhunzi aliyekuwa akifua majembe kule bondeni. Walimfunga mbwa kijiti katikati ya meno ili mdomo usifungike, na dada akalala juu ya shingo yake akimsemesha sikioni, huku mhunzi akivuta kwa koleo. Mbwa mkubwa kiasi kile alilia kama mtoto mchanga. Jino lilitoka vipande vipande. Baba alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

Dada aliinuka na damu kifuani, akamwendea.

"Jino lake umelibadilisha kwa kicheko cha wageni," alisema.

"Mtoto wa kike hawezi kunifundisha mbwa wangu," baba akajibu. Ila sauti ilimtoka ndogo, nami nilikuwa karibu nikaisikia.

Watasema alipona. Lakini siku ya dada kuondoka kwenda kwa mumewe, baba alishika maji mdomoni ili ampulizie baraka, kama ilivyo kwetu, na dada akapita. Alipita mbele yake kama anayepita mbele ya mti. Mama alimwita, "Sechelela! Mwanangu, rudi uagane na baba yako!" Hakurudi. Baba alikaa na yale maji mdomoni hadi msafara ulipopotea vumbini, kisha akayatema chini.

Jioni ile, ng'ombe walipoingia, mbwa alikwenda kukaa mahali pake pa kila siku, akangoja. Mama alikuwa jikoni. Nikamwona baba, mtu mzima mwenye heshima zake, mjumbe wa mabaraza ya wazee, anatazama huku na huku kama mwizi, anaokota ule mswaki, anaketi chini. Watasema alimnyima mdomo. Baba hakumlazimisha. Kesho yake akaja na mchuzi kwenye kidole.

Ilichukua majira mazima. Majirani walimcheka waziwazi, naye akaacha wacheke. Mifupa migumu haikuonekana tena kwetu. Nikishika kibuyu, baba akawa ananiuliza mimi: "Dada yako alikuwa anaanzia upande gani?" Siku moja akasema, bila kuniangalia, "Nitakwenda Chemba. Kuna neno nataka kumwambia."

Mama akamwambia atume salamu kwa wachuuzi wa Kondoa, wanapita kila mara. Baba akakataa. "Neno hili halibebwi na mdomo wa mtu mwingine. Mvua zikiisha nakwenda mwenyewe."

Mvua ziliisha, ng'ombe mmoja akaugua. Mwaka uliofuata mtama ulihitaji kulindwa. Kisha ikaja vita ya Wadachi na Waingereza, na askari wakapita kila tembe kutafuta wapagazi. Walimchukua baba shambani, na jembe lake likabaki limesimama kwenye tuta.

Dada alikuja siku chache baadaye. Huko kwao walisikia kwamba wanaume wa Dodoma wanachukuliwa, akafunga safari na mtoto mgongoni. Alisimama mlangoni, akaamkia, "Mbukwa, mama," kisha swali la kwanza likawa, "Baba yupo?"

Mama akamwonyesha shambani, kwenye lile jembe lililosimama tutani. Watasema, mzee sasa, mvi zimejaa kwenye pua, akajikokota hadi miguuni pa dada, na dada alipoketi chini akaweka kichwa mapajani mwake. Dada, kwa mazoea tu, akainua mdomo. Akatazama. Akageuza upande wa pili, akatazama tena. Ufizi ulikuwa wa waridi, meno meupe, na lile pengo la gego limeziba vizuri.

"Nani amekuwa akimfanyia hivi?"

"Baba," nikasema. "Kila jioni. Alitaka kuja kukuambia."

Sechelela hakupiga yowe. Alikaa pale pale na mkono mdomoni mwa mbwa, machozi yakimdondokea Watasema usoni, akasema polepole, "Nami nilikuwa nakuja kumwomba anipulizie yale maji."

Baba hakurudi. Hatujui njia ipi ilimlaza. Watasema alikufa kabla Waingereza hawajaingia, na Sechelela tulimzika Chemba, mwaka juzi.

Siku hizi basi la Kondoa linaondoka hapa asubuhi, jua halijapanda vizuri umefika Chemba. Mjukuu wangu ana mama yake huko, hajaenda tangu mavuno. Nikimuuliza ananiambia, "Bibi, kwani haraka ya nini? Basi lipo kila siku." Enzi zetu njia ilikuwa ndefu, yenye simba na kiu, nasi tukasema tutakwenda mvua zikiisha. Wao njia wanayo, fupi na nyoofu, na wanasema neno lile lile.