Diski ya Masanja na Kanda ya Mayu

Enzi zetu muziki ulikuwa na kikomo: dakika thelathini, kanda inafika mwisho, unageuza upande wa pili. Leo vijana wanabeba maelfu ya nyimbo mfukoni na hawamalizi hata mmoja. Kabla kiitikio hakijafika, kidole kimesharukia mwingine.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Bariadi yakaanza kujaa bidhaa. Baba aliuza pamba, akarudi na radio kaseti na kanda mbili tupu. Betri zikichoka tulizianika juani. Kupata wimbo mpya kulimaanisha kufuta wa zamani, kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitufe chekundu tulikaa kikao kama watu wanaogawana ng'ombe.

Kanda moja haikujadiliwa. Humo nilimrekodi mama, tuliyemwita mayu, akiongoza wimbo wa kulima shambani kwetu Lalago. Mwishoni anasikika akifoka, "Zima hiyo, mnamaliza betri!" Nilivunja vile vijino viwili vya plastiki nyuma ya kanda ili asitokee mtu wa kurekodi juu yake. Mdogo wangu Masanja, mtundu kuliko mbuzi, siku moja aliuvuta utepe ukakatika. Niliuunga kwa selotepu. Tukapoteza neno moja.

Mayu alikuwa ameshafariki Masanja aliporudi kutoka Dar es Salaam na kicheza muziki cha mfukoni chenye diski. Aliazima kanda, akainakili humo, akanirudishia ameishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Kaka, tupa hilo likanda. Humu anaingia mayu, zinaingia kwaya zote za Usukuma, na nafasi inabaki."

"Nakala nyingine iko wapi?"

"Ya nini? Hii ni teknolojia, kaka, siyo jembe."

Nilikuwa nimesoma habari za diski hizo katika majarida ya zamani. Ndani, sahani inazunguka kwa kasi, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake bila kuigusa, kama mwewe juu ya vifaranga. Kila toleo jipya lilibana nyimbo nyingi zaidi kwenye sahani ndogo zaidi. Nilimwonya asikiwashe kicheza chake akiwa safarini, mtikisiko usije ukakigongesha kichwa kwenye sahani. Alicheka, akapanda pikipiki kwenda Lalago, kinaimba mfukoni, barabara yote makorongo. Alipofika kilikuwa kinalia kra, kra, kra. Maelfu ya nyimbo yalikufa kwa mpigo.

Jumapili alikuja kwangu, mnyonge. Nilitoa kanda kwenye kopo la mbegu. Mayu akaimba, akafika kwenye kiungo.

"Hapo imeruka," akasema Masanja.

"Hapo ndipo ulipovuta."

Leo Masanja ana simu isiyo na kitu kinachozunguka, na anajisifu kwamba haijai. Sauti ya mayu imo humo, na nakala nyingine iko kwa wanawe, nilisimamia mwenyewe. Hata hivyo huja kwangu, anangoja nirudishe kanda nyuma kwa kalamu, duru moja moja, kisha anasikiliza mpaka mayu amfokee kuhusu betri. Ndio wimbo pekee ambao sijamwona akiuruka.