Viti Viwili vya London

Marehemu mume wangu alikuwa na mdogo mmoja tu, Mayige, fundi wa mashine za kuchambua pamba hapa Bariadi. Ni mtu mwaminifu, ila hajui kutulia. Kanisani hutoka nje mara mbili kabla mahubiri hayajaisha, na ugali huula akiwa amesimama. Kwa hiyo biashara ya pamba ilipoachiwa watu binafsi, na kampuni moja mpya ikampeleka Uingereza kujifunza mashine zake, watu hawakushangaa sana kusikia kwamba ameruka angani. Walishangaa kusikia kwamba alikaa kitini kwa muda wa saa kumi.

Aliyekataa kabisa kuamini ni Ngeleja wa Ipililo, ambaye binti yake Specioza alikuwa amechumbiwa na Constantine, mtoto wa Mayige. Kutoka Bariadi hadi Dar es Salaam, kwa lori na treni, Mayige alitumia siku tatu. Iweje London, ambako ni mbali zaidi, afike kwa usiku mmoja? Nilimfungulia atlasi, nikamweleza kilomita elfu saba na ushee na mwendo wa ndege. Akapima ukurasa kwa vidole, akasema kwa kitabu changu London si mbali kuliko Maswa hapa jirani.

"Mwalimu," akaniambia, "anayepunguza njia atapunguza na ng'ombe."

Akatangaza kuwa mahari hatapokea.

Katika ukoo wetu hajawahi kutajwa mwongo. Nilipendekeza Mayige akae tena saa zilezile kumi, nyumbani kwangu, Ngeleja akishuhudia. Ngeleja akakubali, mradi naye apewe kiti cha jirani.

Saa mbili asubuhi tuliweka viti viwili barazani vikitazama kaskazini, kama Ngeleja alivyodai, maana hakuna anayesafiri kinyumenyume. Nikawafunga viunoni kwa kamba za ng'ombe wa jembe. Nyanjige, mke wa Mayige, akapita na sinia akiwauliza kama wanataka kuku au samaki. Ngeleja akataka kujua huko angani watu hujisaidia wapi. Mayige akamjibu kuwa choo kimo humohumo ndani.

"Na sisi tunaolima huku chini?"

"Bado hamjalalamika, mkwe."

Ilipofika saa saba magoti ya Mayige yalianza kucheza. Saa tisa alikuwa akitokwa jasho, nami nikawa namtajia jina la kaka yake taratibu. Ngeleja alitabasamu, akajiegemeza vizuri amsubiri ainuke, na wali wa kuku ukamlaza usingizi mzito. Mayige akaninong'oneza kwamba shahidi amelala, asimame kidogo tu.

"Ndege haisimami kwa sababu abiria mwenzako amelala," nikamwambia.

Akakaa. Saa kumi na mbili jioni Ngeleja alizinduka, jua limeshuka na kibaridi kimeingia.

"Tumefika?" akauliza.

"Tumefika, mkwe," Mayige akasema.

Ngeleja akajifungua kamba, akanyoosha miguu, akampa mkono kwa safari njema. Juma lililofuata alipokea ng'ombe wote.

Siku hizi huwaambia watu wa Ipililo kwamba London si mbali kama wanavyodhani, ni magoti tu yanayouma, na kuku wao ni mtamu. Wengine huja kuniuliza kama ni kweli. Huwajibu kuwa alikaa kiti cha jirani na Mayige, mimi mwenyewe ndiye niliyemfunga mkanda. Sasa ni mkwe wetu, na katika ukoo wetu hajawahi kutajwa mwongo.