Siku Mama Alipozima Bahari

Juzi nilinusa gundi ya mabomba dukani, nikamkumbuka mama, fundi bomba wa Malangali kwetu Ufipa, akiunganisha sebuleni tangi la samaki wa baharini na tangi dogo chini yake. La chini lilikuwa na mwani, majani ya baharini yenye harufu ya chumvi. Nilidhani ni mboga yao. Kumbe ndiyo yaliyosafisha maji.

"Bahari haipandi milima ya Ufipa," alibisha jirani yetu, mama Schola.

Maji yalipoanza kuzunguka, mama akachomoa waya wa pampu iliyoyapandisha tangi la juu. Yakaporomoka kwenye tangi la chini.

"Mama, umeua bahari!" nikalia.

Tangi la chini likajaa, likajaa, maji yakakoma vidole viwili kabla ya ukingo. Mama akapapasa sakafu, akatuonyesha kiganja kikavu.

"Sasa umeme ukatike unavyotaka!"

Aliyepiga vigelegele ni mama Schola.